Uzi: Mwandishi wa michezo akifiwa na mchezaji aliyemjua, mbona anaandika kama hakumjua?

#1 Kamanga_Feri
Wakuu, habari za jioni.

Nimevuka leo na feri ya Kamanga nikitokea msibani Sengerema. Tumemzika mshambuliaji wa timu yetu ya ligi ya wilaya. Jumanne kaanguka mazoezini, hakuamka tena. Jina naliacha, familia haijatulia.

Kilichonileta hapa ni hiki. Usiku wa matanga nilikaa na mwandishi mmoja wa michezo, kijana wa hapa hapa Mwanza, kamfahamu marehemu tangu wanacheza chandimu. Usiku kucha alitupigia stori zake mpaka watu wakacheka msibani. Nawapa moja. Marehemu akifunga bao haendi kumkumbatia kocha wala hapigi magoti. Anakimbia moja kwa moja nyuma ya goli kwa mama mmoja anayeuza karanga, anachomoa sarafu za mia tano kwenye soksi, analipa deni la wiki nzima, halafu ndiyo anarudi kati. Uwanja mzima ulijua: asipofunga, mama karanga halipwi. Kuna siku kipa wa timu pinzani alimlipia deni kabla mpira haujaanza, ili jamaa asiwe na haja ya kuja golini kwake.

Asubuhi niko kwenye feri, nafungua simu, nakuta habari ya mwandishi yule yule. Tasnia ya soka imepata pigo. Ameacha pengo lisilozibika. Alikuwa mchezaji mwenye nidhamu ndani na nje ya uwanja. Mama karanga hayumo. Soksi haimo. Badilisha jina tu, habari ile ile unamwekea kipa wa Mtwara au mwenyekiti wa chama cha bao.

Swali langu: kwa nini mtu anayemjua marehemu kiasi kile akishika kalamu anamsahau?

#2 Sangara_Mkavu
Mwenyekiti wa chama cha bao 😂😂 Nimevuta kiti. Ila huyo kipa aliyelipa deni la mshambuliaji anastahili uzi wake peke yake.

#3 Igoma_Stendi
Jibu rahisi mkuu, njaa. Hawa waandishi wa mikoani wanalipwa kwa stori, tena stori iliyotoka. Mhariri yuko Dar, anataka mistari kumi kabla ukurasa haujafungwa. Nani ana muda wa soksi?

#4 Mzee_wa_Kirumba
Marahaba kwa mlioniamkia na msioniamkia.

Nimeandika michezo kanda hii tangu enzi Pamba ikiitwa TP Lindanda na Kirumba haina pa kuweka mguu. Igoma_Stendi, njaa ipo, sikatai, nimelala nayo. Lakini si jibu. Enzi zetu stori ilikwenda kwa simu ya mezani. Wewe unasoma huku, mtu wa dawati anaandika kule. Ukianza kumwambia marehemu alikuwa anapenda hivi na vile, anakukata: umri? klabu? kafia wapi? anazikwa lini? Haya, nimemaliza. Simu inakatwa.

Na mtindo wenyewe hatukuubuni sisi, tuliurithi redioni. Wenye umri wangu wanakumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha nduguye, habari ziwafikie fulani aliyeko Ukerewe, fulani aliyeko Geita. Kazi ya tangazo lile haikuwa kumsimulia marehemu. Kazi yake ilikuwa kumfikia mtu wa Ukerewe awahi meli. Waandishi wa kwanza wa michezo walikua wakisikiliza hayo kila siku. Mtu akifa, mkono unaandika wenyewe.

#5 LughaTamu
Shikamoo mzee. Naongeza kidogo upande wa lugha.

Kuna tanzia na kuna taazia, watu wanazichanganya. Tanzia ni taarifa ya kifo: nani, wapi, lini. Taazia ni maombolezo, ndiyo inayobeba sifa na maisha ya mtu. Anachokilalamikia mleta mada ni tanzia iliyovaa kanzu ya taazia.

Halafu hili linanikera miaka mingi: "ameaga dunia." Kuaga ni kumwambia mtu kwaheri. Mtu aliyeanguka mazoezini Jumanne saa kumi na moja jioni kamuaga nani? Mzee aliyeugua miezi sita akaita wanawe, huyo kaaga. Kwa kijana aliyekufa ghafla neno hilo linafuta kitu chenyewe kinachouma, kwamba hakuaga.

#6 Sangara_Mkavu
LughaTamu sasa tuandike nini? "Ameondoka bila kuaga"? Itaonekana ana deni.

#7 Kamanga_Feri
Alikuwa nalo 😄

#8 Nshomile_Rwamishenye
Waitu, mmenikumbusha mbali. Sisi Bukoba tulishuhudia la Kaitaba. Tarehe 4 Desemba 2016, ligi ya vijana chini ya miaka 20, Mbao FC na Mwadui. Ismail Mrisho Khalfan wa Mbao alifunga bao, baadaye akagongana na mchezaji wa Mwadui, akaanguka, basi. Habari ilifika mpaka Ulaya. Nilizisoma za ndani na za nje, na nyingi zilikimbilia kwenye bao: kafunga, kisha kafa. Nikajiuliza, bao linahusianaje? Bao halikumuua. Lakini mwandishi wa michezo anajua kuandika bao, hajui kuandika kifo, basi anashika anachokijua.

#9 Igoma_Stendi
Nshomile huwezi kumaliza aya bila kutaja Bukoba, mtakufa mnajisifu. Halafu ile si ilikuwa Kirumba, mwaka Mbao walipowatoa Yanga?

#10 Nshomile_Rwamishenye
Hapana kaka. Kaitaba, Desemba 2016. Mbao kuwatoa Yanga ilikuwa nusu fainali ya Kombe la FA, Aprili 2017, hiyo ndiyo Kirumba. Fainali wakapigwa 2–1 na Simba kule Dodoma. Kusoma ni muhimu, ndiyo maana tunaitwa Nshomile.

#11 Igoma_Stendi
Sawa profesa wa senene.

#12 Dada_Buzuruga
Mnazungumza kama vifo vyote ni vya kuanguka uwanjani. Mimi nina kesi nyingine.

Agnes Tirop wa Kenya. Bingwa wa dunia wa mbio za nyika 2015, medali mbili za shaba za mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia, wa nne Olimpiki ya Tokyo mita 5,000. Septemba 2021 kule Ujerumani akakimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Tarehe 13 Oktoba, mwezi mmoja baadaye, kakutwa nyumbani kwake Iten amechomwa kisu. Miaka 25. Mumewe akashtakiwa kwa mauaji. Sasa rudini kwenye kurasa za michezo za wiki ile. Medali zimepangwa kama vikombe kabatini, na kisu kimejificha katikati ya sentensi. "Dunia ya riadha yapoteza nyota." Yapoteza? Kwani aliangushwa njiani kama ufunguo?

Na Septemba 2024 likarudi lile lile. Rebecca Cheptegei wa Uganda, ametoka kukimbia marathoni ya Paris mwezi mmoja kabla, kachomwa kwa petroli na mwanaume aliyewahi kuwa naye, kafia hospitalini Eldoret. Waandishi wa michezo waliomjua walikuwa na namba yake ya simu. Wangapi walikuwa wanajua ana ugomvi nyumbani? Nadhani lugha ya pengo lisilozibika ni pazia. Ukimwandika mtu kweli, itabidi uandike na ulichokijua ukanyamaza.

#13 LughaTamu
Dada hapo umepiga penyewe. "Yapoteza" sitaandika tena.

#14 Mzee_wa_Kirumba
Dada Buzuruga, hilo la kujua na kunyamaza sina la kujibu. Nalichukua kama lilivyo.

#15 Kiti_cha_Nyuma
Kwani nani kafa wakuu? Sijasoma uzi wote.

#16 Sangara_Mkavu
Rudi #1 ndugu yangu, usitutie aibu mbele ya wazee.

#17 Tabibu_Kijiweni
Mimi ni mtu wa afya, niseme la kwangu. Waandishi wanajificha kwenye maneno makubwa kwa sababu hawajui kilichomuua mtu, na hawaulizi. "Alifariki ghafla" si sababu ya kifo. "Presha ilipanda" si sababu. Ghafla ina sura nyingi:

Kuna moyo wenye misuli iliyonenepa kupita kiasi, ugonjwa wa kurithi. Ndio uliomchukua Marc-Vivien Foé wa Kamerun, 26 Juni 2003, uwanjani Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, dakika ya 72, miaka 28. Kuna pigo la kifua: mpira, kiwiko au goti likitua juu ya moyo katika nukta fulani ndogo sana ya pigo lake, moyo mzima kabisa unavurugika mapigo. Sisemi ndicho kilichomtokea kijana wa Kaitaba, maana sijaona ripoti. Na kuna hili la kwetu Kanda ya Ziwa: wengi tumebeba kinasaba kimoja cha selimundu, yaani sikoseli. Huumwi, hujui, unaishi vizuri. Lakini ukikimbizwa kupita kiasi kwenye jua, bila maji, bila kupumzika, unaweza kuanguka. Imeandikwa sana kwa wanajeshi na wachezaji wa Marekani. Hapa hakuna anayepima.

Na jambo la mwisho: kumeza ulimi. Hakuna mtu anayemeza ulimi. Mnachokiona uwanjani, mtu anakoroma na macho yamegeuka, mara nyingi ni moyo umesimama na mwili unatapatapa hewa. Nyie mnatafuta kijiko cha kumwekea mdomoni. Kila dakika inayopita bila mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona inashuka asilimia 7 hadi 10. Wekeni mikono miwili katikati ya kifua, kandamizeni kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, msiache. Fabrice Muamba, London, Machi 2012, moyo ulisimama dakika 78, na yuko hai. Christian Eriksen aliangukia uwanjani Copenhagen Juni 2021 na alirudi kucheza. Mwandishi anayeandika "Mungu kampenda zaidi" anaacha kuuliza mashine ilikuwa wapi.

#18 Igoma_Stendi
Dokta nakuheshimu, ila umesahau kamati ya ufundi. Msibani Sengerema hawakusema kitu?

#19 Kamanga_Feri
Walisema. Jikoni kwa wanaume ilikuwa ndiyo mada. Kwamba timu fulani ilifukia kitu golini tangu msimu uliopita. Baba wa marehemu akaja akasema hataki kusikia, wakahamia nyuma ya nyumba.

#20 Nshomile_Rwamishenye
Na hapo ndipo jibu la mleta mada lilipo, nasema mimi. Mwandishi anajua kila atakachoandika kuhusu kifo cha ghafla, mtaa utakisoma kwa jicho la uchawi. Ukiandika mshambuliaji alilalamika kifua wiki mbili kabla, watasema kalogwa wiki mbili kabla. Ukiandika kipa alimlipia deni, watasema pesa ile ilikuwa na kitu. Kwa hiyo anaandika maneno yasiyo na mpini, hakuna wa kuyashika.

#21 Sangara_Mkavu
Yaani yule kipa wangu umemfanya mchawi ndani ya mistari mitatu. Dah.

#22 Malimbe_Bwenini
Mimi nasoma uandishi hapa SAUT, mwaka wa pili. Wakuu mnalalamikia wasioonekana kwenye habari. Mimi nawaogopa wanaoonekana sana. "Juzi tu alinipigia simu." "Sitasahau alivyoniambia, kaka wewe ndiye mwandishi pekee ninayemwamini." Anabandika na picha ya meseji zao za mwisho, mshumaa pembeni, dakika kumi baada ya kifo. Mama mzazi yuko shamba hajaambiwa, mtaani wameshagonga moyo mia mbili. Habari ya msiba imekuwa ushahidi kwamba mwandishi ana namba za mastaa.

Alipofariki Kelvin Kiptum, ajali ya gari usiku wa 11 Februari 2024, yeye na kocha wake Gervais Hakizimana, barabara ya Eldoret kwenda Kaptagat, nilisoma nyingi. Rekodi yake ya marathoni, saa 2 na sekunde 35 ya Chicago, ilikuwa imethibitishwa siku tano tu kabla. Kila mtu aliandika alivyokuwa anaelekea kushuka chini ya saa 2 kule Rotterdam mwezi Aprili. Yaani waliandika maisha ambayo hakuyaishi. Miaka 24 aliyoishi ikapewa aya moja.

#23 Mzee_wa_Kirumba
Malimbe, mwanangu, darasani wanakufundisha vizuri. Lakini hilo la Rotterdam nawatetea. Kijana akifa, kilichokufa zaidi ni kesho yake. Utaachaje kuitaja?

#24 Malimbe_Bwenini
Itajwe mzee, ila isile chakula chote.

#25 Lunyasi_Mabatini
Nyie acheni. Mimi sitasahau 2012. Tarehe 6 Mei Simba tunampiga Yanga tano bila, Mafisango kafunga moja kwa penalti. Tarehe 17, siku kumi na moja baadaye, alfajiri, ajali ya gari Dar. Patrick Mafisango hayupo. Mimi nilikuwa Mabatini nakunywa chai, redio ikatangaza, nikamwaga chai. Wiki ile kila nilichosoma kilikuwa na zile tano ndani yake. Na mimi nilitaka ziwemo! Sikutaka kujua alikuwa analipa karanga za nani. Nilitaka penalti. Huyo ndiye Mafisango niliyemjua mimi.

#26 Igoma_Stendi
Tano bila mnaikumbuka. Tano moja ya 5 Novemba 2023 mmeisahau?

#27 Lunyasi_Mabatini
Hatuko kwenye uzi huo.

#28 Igoma_Stendi
Najua hamuko 😂 Ila umesema la maana Lunyasi. Mwandishi anamjua mtu, msomaji anamjua mchezaji. Anamwandikia nani?

#29 Binamu_Yake
Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu, nimekuwa nikisoma kimya kimya.

Binamu yangu alicheza ligi daraja la kwanza, alifariki kwa ajali ya bodaboda, miaka kadhaa sasa. Gazeti likaandika amefariki akiwa na miaka 22. Msalaba wake, uliochomelewa na fundi pale Nyakato, unasema 27. Aliyeandika habari ile walisoma naye darasa moja shule ya msingi, walikaa dawati moja. Mwandishi mwenyewe wakati huo alikuwa na 27! Alijua. Lakini 22 ndiyo ilikuwa kwenye leseni ya klabu, umri wa mpira, na klabu ilikuwa na vijana wengine wa namna ile, na kulikuwa na wakala.

Siku ya arobaini mjomba alikuja na gazeti. Akamuuliza mbele ya watu, "Wewe, mwanangu alizaliwa mwaka gani?" Akakaa kimya. Mjomba akasema, "Basi umemzika mtoto mwingine."

Sikumchukia yule mwandishi. Angeandika 27 angewaharibia vijana watano walio hai. Lakini tangu siku ile nikisoma umri wa mchezaji aliyekufa nahesabu upya.

#30 Tabibu_Kijiweni
Binamu pole. Na hata kwa uchunguzi wa kitabibu ule umri wa uongo una madhara, lakini hiyo siku nyingine.

#31 Dada_Buzuruga
"Umemzika mtoto mwingine." Nimesoma mara tatu.

#32 Sangara_Mkavu
Leo sina utani hapo. Pole sana ndugu.

#33 LughaTamu
Hapo kuna jambo la adabu yetu pia. Tunamwita marehemu, maana yake aliyerehemewa, na marehemu hasemwi. Nidhamu, ucheshi, ushirikiano na jamii: hayo ni maneno salama. Karanga za mkopo ni deni, na deni mbele ya watu ni aibu. Huenda mwandishi wa Sengerema hakusahau chochote. Alimsitiri rafiki yake.

#34 Igoma_Stendi
Kamanga_Feri, si una namba yake? Muulize tu mwenyewe tumalize. Tunabishana kama wachambuzi wa redio.

#35 Kamanga_Feri
Nimemuuliza. Nimempigia jioni hii hii.

Kwanza akacheka. Akasema ya karanga aliiandika, ilikuwa aya ya pili. Akaisoma kwa sauti, akaona kama anajionyesha kwamba yeye alikuwa mtu wa karibu, kama wale wa mishumaa anaowasema Malimbe. Akaifuta. Akaandika tena, akaona anamchekesha marehemu. Akafuta. Mara ya tatu ndiyo akaweka pengo lisilozibika, akatuma, akaenda kulala. Nikamwambia LughaTamu anasema ulimsitiri. Akasema, "Hapana, nilichoka." Halafu baada ya kimya kidogo akasema, "Au labda ile ni yangu, sikutaka kuwapa."

Kwa hiyo kanipa majibu manne, na mawili yanapingana.

Na niongeze ambalo nililiacha #1. Makaburini msemaji wa familia alisimama akatangaza kama ilivyo kawaida: anayemdai marehemu au anayedaiwa na marehemu aje kwa wazee. Mama karanga akanyoosha mkono. Watu wakageuka. Akasema, "Ni elfu moja mia nne, lakini siitaki. Nataka tu mjue wiki hii alikuwa hajafunga." Kuna waliocheka. Kocha akakaa chini kwenye udongo.

#36 Lunyasi_Mabatini
Aisee.

#37 Malimbe_Bwenini
Hiyo ya makaburini mwandishi alikuwepo?

#38 Kamanga_Feri
Alikuwa amesimama pembeni yangu na kijitabu mkononi. Hakuandika kitu.

#39 Malimbe_Bwenini
Mhadhiri wetu angemfelisha.

#40 Dada_Buzuruga
Mimi ningempa alama zote. Na bado namdai Tirop.

#41 Kiti_cha_Nyuma
Nimesoma uzi wote sasa. Samahani kwa swali langu la mwanzo. Ila mwenye uzi, huyo mama anauza karanga uwanja gani? Niko Sengerema kikazi mpaka Jumatano.

#42 Kamanga_Feri
Nimekutumia pembeni mkuu.

#43 Mzee_wa_Kirumba
Nimekaa na uzi huu tangu magharibi. Niseme langu nikalale.

Miaka ya tisini kulikuwa na winga wa kushoto, timu siitaji, alikuwa akisuka kamba za viatu vyake kwa uzi wa nyavu za dagaa kwa sababu za dukani zilikuwa zinakatika. Uzi mweusi. Nilimpiga picha pale Nyamagana akifunga viatu, kainama, ulimi nje pembeni ya mdomo kama mtoto anayeandika. Akaniomba nimsafishie moja ampelekee mama yake. Nikasema wiki ijayo. Wakati ule kusafisha picha ilikuwa gharama, na filamu ilikuwa ya ofisi. Kila tukikutana: mzee, picha yangu? Wiki ijayo. Hivyo msimu mzima.

Akafa usingizini. Aliamshwa kwenda mazoezini, hakuamka. Ofisi ikataka picha. Nikaitoa ile. Wakaikata wakabakiza uso, ile ya viatu haikuonekana. Na chini yake nikaandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu: ameacha pengo lisilozibika. Mama yake aliiona picha kwenye gazeti lililofungiwa sukari.

Kwa hiyo mleta mada, sijui kama nilimsahau. Nadhani nilikuwa naona haya, na maneno yale makubwa yalinitosha kujifunika. Lakini Igoma_Stendi naye hajakosea, nilikuwa na njaa pia.

#44 Nshomile_Rwamishenye
Mzee, huyo mama yupo hai?

#45 Mzee_wa_Kirumba
Yupo. Igogo, kwa binti yake. Macho yanamsumbua lakini anaona karibu. Filamu ninayo, imeshika ukungu pembeni. Nani anajua studio inayoweza kuisafisha bado? Zile nilizozijua zote sasa zinauza makava ya simu.

#46 Binamu_Yake
Mzee, Makoroboi, ukitokea upande wa hekalu la Wahindi, kuna ngazi ya kupanda ghorofani, juu ya duka la vitenge. Fundi ni mzee kama wewe, anafungua saa nne. Ndiye aliyetutolea ya binamu. Mwambie asiikate.